Dakika Thelathini na Tano

Ghorofa ya Pili,
Juu ya Fundi Cherehani.
Jumatano, tarehe 17 Juni, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo lolote. Je, hujambo? Goti lako linaendeleaje tangu ulipoacha kupanda ile ngazi ya sokoni? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mwambie dawa haimezwi kwa kutazamwa mezani. Namjua, ni mtu wa kusubiri ugonjwa uchoke wenyewe.

Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu. Jicho la kushoto lina ukungu, la kulia bado linasoma herufi ndogo nikilisaidia kwa kioo. Meno yaliyobaki yanaelewana.

Mjukuu wetu ni mzima. Nimeianzishia sentensi hii aya mpya ili uisome mara mbili kabla hujaendelea.

Alipokupigia simu Jumapili alikuambia kwamba walilowa kidogo huko baharini. Hakukudanganya, ila alikupimia ukweli kwa kijiko cha chai. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningeacha nusu ya maneno. Karatasi haimkatizi mtu. Tafadhali kaa kitini.

Unajua kwamba tangu aje kwangu kusoma, miaka miwili sasa, moyo wake wote uko kwenye ile klabu ya chuo, Klabu ya Viumbe wa Bahari. Ni wanafunzi kama ishirini, na chumba chao kiko chini ya jengo la zamani la maabara, mahali ambapo zamani palihifadhiwa viti vibovu. Mlangoni kuna viatu vya mpira vyenye chumvi. Kwenye rafu kuna mitungi yenye kaa, konokono na viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, kila mmoja na karatasi yake. Kuna tangi moja la kioo ambalo pampu yake inakoroma kama mzee aliyelala chali. Hawavui kitu wala hawauzi kitu. Wanahesabu tu. Kila wiki mbili, maji yakipwa, wanavuka mkondo kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga lililo mbele ya mwamba, wanalaza chini fremu za waya za mraba, wanapiga magoti na kuhesabu majongoo bahari yaliyomo ndani ya kila mraba. Nilimuuliza siku ya kwanza, "Mkishayahesabu?" Akasema, "Tunarudi kuyahesabu tena, Babu." Nikamwambia basi hiyo ni kazi yangu ya zamani kabisa, ila yangu haikuwa na matope.

Nawe unajua jinsi ninavyoyaogopa maji. Tangu ule mto uliotuchukulia mama siku tulipokuwa tunakimbia, sijawahi kuingiza mguu kwenye maji yaliyopita kifundo. Kila anapokwenda kwenye fungu mimi hukaa dirishani na saa, na fundi cherehani wa chini hunicheka: "Mzee, ukiitazama hiyo saa hivyo itaona haya isimame." Sikuwahi kumkataza. Niliona si haki kumrithisha mtoto woga wangu. Nilichofanya ni kujiingiza kwenye klabu kwa mlango ninaoujua.

Ilianza kwa jarida lao. Mjukuu wetu aliniletea niliangalie kabla halijachapwa, nikalirudisha likiwa na alama nyekundu kama lina tetekuwanga. Walicheka, kisha wakaleta lingine. Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye kiwanda cha uchapaji nikisahihisha prufu, zile karatasi za majaribio kabla ya kuchapa, mdogo wangu, na tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuwa ananiomba nisome kitu kwa makini. Wakanibatiza Babu Kalamu. Katibu wao, binti wa mwaka wa mwisho, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alikuwa na msemo: "Ikishapita kwa Babu, imepita." Nilikuwa naondoka pale nimevimba kichwa.

Sasa nikueleze kuhusu kadi, maana kila kitu kimo humo.

Kila muhula klabu hutengeneza kadi ndogo, inafunikwa kwa plastiki, na kila mwanachama anaivaa shingoni anapokwenda kwenye fungu. Ina tarehe na saa za maji kupwa. Saa hizo huzitoa kwenye jedwali la bandari. Lakini fungu lao liko nyuma ya mlango mwembamba wa maji, kwa hiyo maji hupwa pale dakika thelathini na tano baada ya bandarini. Miaka yote kadi ilikuwa na saa za bandari, na chini yake mstari mmoja: Ongeza dakika 35 kwa fungu letu. Wote wanaujua kwa moyo. Wanaongeza bila kufikiri, kama mtu anavyokanyaga ngazi ya nyumbani kwao gizani.

Muhula huu Katibu aliona ni vyema kuwaondolea wenzake hesabu. Alijumlisha dakika hizo mwenyewe, tarehe moja baada ya nyingine, akaandika saa za fungu moja kwa moja, na mstari ule wa kuongeza akaufuta. Alitangaza kwenye mkutano ambao nusu yao hawakuhudhuria.

Prufu ililetwa kwangu. Nilifanya kama nilivyofundishwa ujanani: kulia niliweka kadi ya muhula uliopita, kushoto prufu mpya, nikapita mstari kwa mstari. Nikaona mstari mmoja haupo. Sikuuliza. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, kwa mwandiko wangu unaoujua: Mstari umerukwa. Urudishwe.

Wachapaji wakaurudisha bila kumwuliza Katibu, kwa kuwa ilishapita kwa Babu.

Umeshaelewa, mdogo wangu. Ulikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi. Jumamosi iliyopita maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayopwa mbali na kurudi kwa haraka. Bandarini yalipwa saa nne na dakika tano. Kwenye fungu, saa nne na dakika arobaini, na ndivyo kadi ilivyosema, kwa usahihi. Lakini chini ilisema waongeze, wakaongeza kwa mazoea, wakapata saa tano na robo. Sheria yao ni kuondoka nusu saa baada ya maji kupwa. Kwa hiyo walipoinua vichwa vyao kutoka kwenye fremu na kusema haya twendeni, maji yalikuwa yameshageuka zamani.

Utauliza, hawakuyaona yakija? Nami nilimuuliza. Aliniambia mwanzoni maji pale hayaji kwa mbele. Hupita pembeni kimyakimya na kuujaza ule mkondo ulio nyuma yako, huku wewe bado umesimama pakavu unahesabu. Walikuwa tisa. Katibu hakuwepo, alikuwa na mtihani wa vitendo siku hiyo. Angekuwepo angeshtuka mapema, maana hesabu ilikuwa yake. Mwalimu mlezi wa klabu alikuwa ufukweni na kamba, kwa sababu goti lake ni kama lako, na shingoni alikuwa na kadi hiyo hiyo.

Mkondo waliouvuka asubuhi maji yakiwa magotini uliwafika kifuani. Walishikana kwa ule utepe wao wa kupimia. Mjukuu wetu aliteleza kwenye matumbawe akachanika muundi wa kulia. Ameshonwa nyuzi saba, na kidonda ni kisafi, nakibadilishia bandeji mwenyewe. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, wanayemwita Mlingoti kwa urefu wake, alikuwa wa mwisho, na alikataa kuachia ndoo ya vifaa. Mkondo ulimng'oa. Mwalimu mlezi aliingia na goti lake hilo hilo, na kamba, akampata, lakini Mlingoti alikuwa ameshameza maji na mchanga. Mpaka leo yuko hospitali. Anapumua mwenyewe tangu jana. Homa ya mapafu haijashuka, na madaktari hawasemi neno linaloweza kushikika.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilimtarajia mjukuu wetu saa saba. Saa nane fundi cherehani aliacha mashine akapanda kukaa nami bila mzaha wowote, hapo nikajua kwamba naye anaogopa. Saa kumi mtoto alishuka kwenye gari la mtu, amefungwa blanketi lisilo letu, midomo ya kijivu. Akaniambia, "Babu, usipige kelele, majirani watatoka." Nilimpa bega langu, tukapanda.

Jumapili alisema anakwenda chumba cha klabu kuchukua viatu vyake. Nilimkataza, mguu umeshonwa jana. Akasema, "Babu, ni viatu tu." Akaenda akichechemea, akarudi na viatu.

Mchana nilishika kadi yake, ilikuwa bado na mchanga ndani ya plastiki, nikataka kujua imekuwaje. Nilipiga hesabu mara ya kwanza, nikadhani nimekosea. Nikapiga mara ya pili. Mara ya tatu sikuwa napiga hesabu tena, nilikuwa nasubiri tu jibu libadilike.

Sitakuficha nilichofikiri kwanza. Sikumfikiria Mlingoti. Nilifikiria kibali changu cha kuishi, kinachokwisha mwezi ujao. Fomu yake ina swali la tisa linalouliza kama mwombaji amewahi kuhusishwa na tukio lililodhuru mtu. Miaka arobaini na mitatu nimejibu Hapana kwenye swali hilo bila kusita. Nimeishi hapa nikitembea kando ya ukuta. Sijawahi kugombana na mwenye nyumba, sijawahi kusimama shahidi, hata mwizi aliponipora mkoba sikwenda kushtaki. Mtu aliyewahi kufukuzwa kwao hujifunza kutojaza nafasi kubwa. Kibali kikikataliwa, nikiwa na umri huu, nitapelekwa wapi? Kule tulikotoka hakuna hata ukuta wa nyumba yetu, uliniambia mwenyewe.

Jumatatu wakatangaza kwamba Katibu amesimamishwa. Jedwali alilitengeneza yeye, jina lake liko chini ya kadi. Kamati ya chuo itakaa kesho Alhamisi, saa nne asubuhi. Wakimwona ana hatia ataondolewa klabuni na taarifa itapelekwa kwa mkuu wa kitivo, naye amebakiwa na wiki sita kuhitimu.

Nilikwenda pale Jumatatu hiyo hiyo. Nikuambie nilikwenda kukiri? Nilikwenda kulitafuta faili la prufu. Nililipata kwenye rafu, nikalifungua, na karatasi yenye mwandiko wangu haikuwemo. Mdogo wangu, nilifurahi. Naandika neno hilo kwa aibu lakini ndilo neno lenyewe.

Nilipogeuka, Katibu alikuwa mlangoni na maboksi mawili.

"Shikamoo, Babu Kalamu. Umekuja kunizika?"

"Marahaba, mwanangu. Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nilisahau kufuta mstari mmoja. Mstari mmoja, Babu! Mimi niliyemcheka Mlingoti kwa kusahau soksi." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa shati, na bila miwani alionekana kama mtoto wa shule ya msingi. "Ninaapa nakumbuka nikiufuta. Nauona mkono wangu ukiufuta. Labda naanza kuwa kichaa."

"Huenda uliufuta," nikasema.

"Basi umerudi wenyewe kwa miguu?" Akacheka, kicheko kikavu. "Usinitetee, Babu. Wakikuita useme kama nilikuwa makini, waambie ukweli tu."

Nilimsaidia kubeba boksi moja hadi getini. Lilikuwa na madaftari yake na kikombe kisicho na mkono. Akaniambia asante, akaniambia nirudi nyumbani nipumzike, nisijiumize roho kwa makosa yake. Nikarudi nyumbani.

Sasa sikia ya jana. Nilikuwa natafuta shashi safi ya kufungia kidonda, nikafungua droo ya chini ya mjukuu wetu ambako huweka vitu vya huduma ya kwanza. Chini ya taulo, ndani ya plastiki, imekunjwa mara nne, ilikuwa prufu. Wekundu wa wino wangu ulionekana hata kabla sijaikunjua.

Alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Alinitazama nikiishika.

"Hiyo ni karatasi ya zamani, Babu. Itupe."

"Ina tarehe."

Akaurekebisha mguu juu ya mto. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "Nilijua tangu tuko ndani ya maji. Nilikumbuka ukiandika pale mezani, nilikuwa nakata kitunguu. Nikasema nikitoka hai nitaiwahi kabla ya mtu mwingine."

"Na Katibu?"

"Katibu ana baba, ana mama, ana wajomba wanne na mtaa mzima wa kumpigia kelele. Wewe una nani, Babu? Wakikugusa wewe, unakwenda wapi? Watamfukuza klabu, basi. Wewe watakufukuza nchi."

"Lakini ni rafiki yako."

"Ndiyo," akasema. "Nimelia tangu Jumapili. Wewe ulidhani ni mguu."

Nilichukua ile karatasi nikaenda nayo jikoni. Nikawasha jiko. Naye akaja akichechemea akasimama mlangoni, akishika fremu ya mlango. Nilipoisogeza karatasi karibu na moto nilimtazama, na nikaona mabega yake yanashuka, anapumua. Msichana aliyesimama kwenye mkondo wenye maji kifuani bila kupiga yowe alikuwa ananishukuru kwa macho kwa sababu mzee wake anachoma karatasi. Nikaona hii ndiyo elimu ninayompa. Miaka miwili nimejizuia nisimrithishe woga wa maji, kumbe nimemrithisha ule mkubwa zaidi bila kutamka neno.

Nilizima jiko. Yeye alirudi chumbani akafunga mlango, na tangu jana hatujaongea ila "kula" na "nimeshiba". Karatasi iko mbele yangu ninapoandika. Kona moja imeungua.

Kesho nitaipeleka kwenye kamati. Nakuandikia leo kwa sababu nataka mtu mmoja aijue habari hii kutoka kwangu kabla haijaandikwa na wengine. Pia, tukiachana na hayo, ni haki yako: huyu ni damu yako, ulinikabidhi mimi, na mkono uliomwingiza kwenye maji yale ni wangu. Ukiamua kumchukua umpeleke chuo kingine, sitabisha. Nitafungasha mzigo wake mwenyewe.

Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kama siku ile ya mto. Unaona mwenyewe jinsi mistari inavyopanda. Nitaiacha barua wazi hadi kesho.

Alhamisi, mchana.

Nimerudi. Nakueleza kwa ufupi maana saa inakwenda.

Kilikuwa chumba cha kawaida tu, meza ndefu na viti vya plastiki, feni moja inayogonga. Wanakamati watano. Katibu alikaa peke yake upande wa pili amevaa blauzi yake ya siku za mtihani. Mwalimu mlezi alikuwa na fimbo. Wanachama walikaa nyuma, na mjukuu wetu alikuwa kati yao. Alitoka nyumbani kabla yangu bila kuniaga. Nilikuwa nimeandika nitakachosema na nimekisahihisha mara tatu, lakini nilipoinuka sikuweza kuisoma hata sentensi ya kwanza. Nikaweka prufu mezani nikasema, "Mwandiko huu ni wangu. Katibu aliufuta mstari, mimi nikaurudisha."

Mwenyekiti wa kamati aliigeuza karatasi huku na huku. Akauliza, "Mzee, hii ilikuwa wapi siku zote? Na mbona imeungua?"

Nilikuwa na jibu langu tayari. Nilitaka kusema niliichukua mimi. Kabla sijafumbua mdomo nikasikia kiti kinasogea nyuma. "Ilikuwa kwangu," mjukuu wetu akasema. "Niliitoa kwenye faili Jumapili. Babu hakujua."

Nikageuka kumkatiza. Akasema, "Kaa, Babu. Umeshasema yako." Mbele za watu! Nikakaa.

Nilidhani Katibu atalia, au atanishika mkono. Aligeuka akanitazama. Sauti yake haikupanda hata kidogo: "Jumatatu ulinibebea boksi, Babu. Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

Akatikisa kichwa, akavaa mkoba wake, akatoka. Hakumtazama kabisa mjukuu wetu. Hilo sitakupambia.

Uamuzi ni huu. Katibu amerudishiwa nafasi yake na hakuna taarifa itakayokwenda kwa mkuu wa kitivo juu yake. Mjukuu wetu ameondolewa klabuni hadi mwisho wa mwaka kwa kuficha karatasi. Masomo yake hayakuguswa. Kadi zote zimekusanywa, na mwalimu mlezi amejilaumu mwenyewe mbele ya wote kwa kutokuwa na jedwali la bandari mfukoni. Jina langu limeandikwa kwenye taarifa, pamoja na anwani. Mwenyekiti aliniuliza herufi moja moja ili asikosee. Mwezi ujao, kwenye swali la tisa, nitaandika Ndiyo. Sijui watanijibu nini, na usiku sitalala, najijua.

Tulitoka pamoja. Alitembea mbele, kisha mguu ukamlazimisha kupunguza mwendo nami nikamfikia. Nikamuuliza kama ana hasira nami.

"Sina hasira. Naogopa tu, Babu."

"Na mimi."

"Utaandika Ndiyo kweli?"

"Nitaandika."

Akanishika kiwiko. Tukaenda hivyo mpaka nyumbani.

Bado jambo moja. Kamati itamwandikia mama yake Mlingoti, lakini barua za ofisi zina mwendo wake, na yule mama hajui lolote. Tangu Jumamosi amekaa kwenye benchi la wodi, amelaza viatu vya mwanawe mapajani, na kila mwanafunzi anayekuja humwuliza ilikuwaje. Hakuna anayemjibu. Kuwaona wagonjwa ni saa kumi. Nimevaa shati nililovaa asubuhi. Nimemwambia mjukuu wetu abaki apumzishe mguu, hii si kazi yake. Sijui nitaanza na neno gani. Mwenye kazi ya maneno maisha yake yote, na sina hata moja. Lakini mjukuu wetu ananisubiri mlangoni, ameshavaa viatu.

Nisalimie shemeji, na mwanao dereva na mkewe, na mapacha wake. Msalimie shangazi yetu bubu, umwonyeshe kwa mikono kwamba bado nina nywele. Usimpigie simu mtoto leo kumgombeza. Mpigie kesho, na umwulize kwanza habari za mguu. Nami nipigie au usinipigie, nitaelewa yote mawili.

Mwombee yule kijana apumue vizuri. Mola akuwekee paa juu ya kichwa chako na wa kukufungulia mlango kila urudipo.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata katika habari hii,

Babu Kalamu